Mbuzi Alilipiwa Ushuru

Tulipomtoa baba ndani kwenda kumzika, Bi Kijakazi alikuwa amelala katikati ya njia. Amevaa koti la baba na kofia yake, na jeneza halikuweza kupita.

"Sipishi," alisema. "Huyu Mmwera amekula samaki wangu miaka yote. Hazikwi mpaka nipate changu."

Wabebaji walisimama. Mtu akaleta kuku aliyefungwa miguu. Bi Kijakazi alimpima mkononi, akamtukana kwa wembamba wake, kisha akainuka na kutangulia mbele ya jeneza akitembea kama baba, mguu wa kushoto ukiburuta, akikohoa kikohozi cha baba hasa. Waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia.

Ndiyo kazi ya mtani. Ukoo wa Bi Kijakazi ni wa kabila la Wamachinga, wenyeji wa hapa Kiswere, na ukoo wa baba ni Wamwera wa Rondo. Ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayezijua. Kwenye msiba mtani hubeba maji, huchimba kaburi, hupika, na hutukana. Hairuhusiwi kumkasirikia. Ukikasirika unatozwa, na ukimnunia basi umeuvunja utani wenyewe. Wenzangu tangu wadogo walikuwa wanamjibu, tena kwa matusi makubwa kuliko yake. Mimi sikuweza. Akinitania nilikuwa natazama chini na kuvuta ncha ya khanga.

Kaburini, mchanga ulipokwisha kurudishwa, alimshika mama mkono na kumsimamisha mbele ya watu.

"Na huyu mjane mnamlilia wa nini? Eusebio alimwokota ng'ambo ya Ruvuma! Akamvusha kwenye mtumbwi mmoja na mbuzi. Mbuzi alilipiwa ushuru, huyu hakulipiwa! Sasa mwenyewe kafa. Serikali iko wapi? Mbebeni, mkamrudishe kwao Msumbiji!"

Watu waliangua kicheko. Utani ule niliujua tangu naanza kupata akili, kila mtu Kiswere aliujua. Mama naye alicheka. Lakini nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona kwamba kicheko chake kilikatika kabla ya vya wengine. Na nilipoinua macho nikaona mtu mmoja ambaye hakucheka kabisa. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyong'aa, mgeni, amesimama ubavuni kwa Mzee Mudathiri, balozi wetu wa nyumba kumi. Mzee Mudathiri alikuwa anamnong'oneza, na kidole chake kilikuwa kinamwonyesha mama.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, wa kwanza wenye vyama vingi. Ruksa ilikuwa imefika mpaka kwetu: mitumba, redio za betri, wanunuzi wa watu binafsi waliokuja na malori yao kuchukua korosho na ng'onda, samaki wetu wakavu. Wageni walikuwa wengi barabarani, na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Mabalozi walikuwa wameambiwa wataje watu wasio raia katika nyumba zao, ili wasije wakajiandikisha kupiga kura. Hilo nilikuwa nimelisikia. Sikudhani linatuhusu.

Haukupita mwezi, gari la serikali likasimama mbele ya kichanja chetu cha kukaushia samaki. Wakashuka Mzee Mudathiri na yule kijana wa viatu. Aliitwa Kornelio, ofisa wa uhamiaji kutoka Lindi, na alikuwa na adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wewe ndiye Tekla, mke wa marehemu Eusebio?"

"Ndiye mimi."

"Umezaliwa wapi, mama?"

Mama aligeuza samaki mmoja, akamgeuza na wa pili. "Katika mkonge," alisema. "Wazazi wangu walikuwa manamba, wakikata mkonge kwa mkataba."

"Mkonge upi? Una cheti, au mtu anayejua?"

"Wamekufa wote, baba."

Kornelio hakubisha. Alimtazama usoni, na mimi nikamfuata macho. Mama ana nembo za Kimakonde, mistari iliyopinda mashavuni na kwenye paji la uso, na juu ya mdomo ana kitundu kidogo kilichobaki cha ndonya, pambo la mdomo. Vitu nilivyoviona kila siku ya maisha yangu. Siku ile niliviona kama anavyoviona yeye.

"Itabidi twende Lindi, mama. Chukua khanga ya kujifunikia."

Nilimtazama Mzee Mudathiri. Yeye alitazama samaki.

Gari lilipoondoka tu, Bi Kijakazi alitokea mbio na bakuli la wali limefunikwa kawa. Alikuwa anahema.

"Wamemwuliza nini? Amewajibu nini?"

Kwa nini atake kujua alichojibu?

"Dativa, nakuuliza! Kifaranga cha ng'ambo, ulimi umeumeza? Chukua basi chakula hiki, ule."

Niliitazama mikono yake iliyoshika bakuli. Mikono ileile ilimsimamisha mama mbele ya watu. Ni yeye aliyeita serikali, na serikali imekuja. Niliingia ndani nikafunga mlango, na komeo nikatia. Alibaki nje muda mrefu. Niliposogea kwenye ufa wa dirisha niliona majirani wawili watatu wamesimama wanatazama, na Mzee Mudathiri akiwa miongoni mwao.

*

Lindi nilifikia kwa Bertha, binamu wa baba, aliyekuwa anauza chai na vitumbua karibu na mahakama. Ni yeye aliyenieleza mambo, kwa sababu mimi niliishia darasa la tano, na maneno waliyomsomea mama sikuyashika.

"Wamemshtaki kwa kuishi nchini bila kibali," alisema huku anageuza vitumbua. "Amekana. Dhamana wameipinga, wanasema atavuka mto. Hakimu akimtia hatiani, atamtoza faini au atamfunga, halafu anaagiza aondolewe nchini. Hapo amri itasainiwa huko juu, wanampeleka Mtwara, wanamvusha. Nimewaona wengi wakipandishwa gari hapa."

"Akivushwa anarudi lini?"

"Harudi. Akirudi ni kosa jingine, tena kubwa zaidi. Na mtego ni huu, mwanangu. Kwenye wizi, serikali ndiyo inayotakiwa kuthibitisha umeiba. Kwenye uraia, wakikushuku kwa sababu ya maana, wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha. Sasa mama yako atathibitisha kwa nini? Ana karatasi?"

Hakuwa nayo. Hata mimi sikuwa nayo. Alinizaa nyumbani, nikabatizwa na katekista aliyepita na baiskeli.

"Na huko ng'ambo ana nani?" Bertha aliuliza, akanitazama kwa pembeni.

"Sijui," nilisema. Nilijiuliza kwa nini ameniuliza vile. Wateja wake wote walikuwa watu wa mahakamani.

Nilimkuta mama mahabusu, upande wa wanawake, tumetenganishwa na wavu. Askari alisimama mbali kidogo anachokonoa meno. Nilikuwa nimebeba swali moja tangu Kiswere.

"Mama, ni kweli?"

Alinitazama mpaka nikaogopa. "Unaniuliza wewe," alisema, "au wamekutuma?"

Nililia. Ndipo akasogeza uso karibu na wavu, akazungumza Kimakonde, kwa sauti ya mtu anayesali.

"Bibi yako alinivusha mgongoni. Nilikuwa nanyonya bado. Walikuwa wanakimbia kulimishwa pamba kwa viboko vya Wareno. Mimi Ruvuma sijauona, nilikuwa nimefunikwa nguo. Kukua nimekulia hapa katika mkonge, kuolewa nimeolewa hapa, huko sijui hata mti mmoja. Lakini kuzaliwa, mwanangu, nilizaliwa huko."

"Nani anajua?"

"Baba yako, naye kafa. Na Kijakazi."

"Bi Kijakazi! Kwa nini ulimwambia?"

"Siku ya kukuzaa wewe. Yeye ndiye aliyenishika. Damu haikutaka kusimama, nikajua nakufa, nikataka awepo mtu atakayejua habari zangu zipelekwe wapi. Sikufa. Na tangu siku zile utani wake ni huo wa mbuzi na mtumbwi."

"Basi ni yeye aliyekuuza!"

"Funga mdomo. Usimguse Kijakazi."

Askari aligeuka. Mama akarudi nyuma, akaanza kuniuliza habari za kuku, kwa Kiswahili.

Nilitoka pale nimeshika neno moja tu. Watu wote Kiswere walikuwa wanaucheka utani, na mmoja peke yake, katika wote, alijua kwamba si utani. Mwenye kujua ndiye aliyeita serikali.

*

Siku ya kesi niliwahi, nikakaa benchi la nyuma. Kupitia dirisha niliona gari la uhamiaji linaingia uwanjani. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka Bi Kijakazi. Amevaa buibui lake la Idi. Kornelio alimshika mkono asijikwae, naye akamwambia kitu, wote wawili wakacheka.

Nikageuza uso kutoka dirishani.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mwenye lafudhi ya kaskazini. Alizungumza nasi Kiswahili, akaandika Kiingereza, kwa hiyo kila mtu alisema sentensi moja na kungoja kalamu yake. Mama alisimama kizimbani ameshika mbao kwa mikono miwili.

Kwanza alisimama Kornelio. Alieleza kwamba alipata taarifa, akamhoji mshtakiwa, mshtakiwa akashindwa kutaja mahali alipozaliwa, na kwamba ana nembo za watu wa ng'ambo.

"Newala nzima, hapahapa nchini, ina nembo kama hizo," hakimu alisema bila kuinua kichwa. "Nusu ya wafungwa niliowaona hapa wanazo. Taarifa uliipata kwa nani?"

"Kwa balozi wake, mheshimiwa."

Akaitwa Mzee Mudathiri. Alivaa kanzu safi, na jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. Mwendesha mashtaka, mtu mnene wa sauti nzito, alimwuliza kama mshtakiwa ni raia.

"Si raia. Ni mtu wa Msumbiji. Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Na Kiswere yote, mheshimiwa. Hata watoto."

Hakimu aliinua kalamu. "Wewe mwenyewe umejuaje?"

"Ilisemwa hadharani. Kwenye msiba wa mumewe."

"Ilisemwa na nani?"

"Na Bi Kijakazi."

"Na kabla ya msiba ule?"

Mzee Mudathiri alipangusa uso. "Ilisemwa pia. Kwenye misiba mingine. Kwenye arusi ya mwanangu. Siku zote."

"Na nani?"

"Na... Bi Kijakazi."

"Wewe ulikuwa unaisikia siku zote. Mbona hukutoa taarifa miaka yote hiyo?"

"Mheshimiwa, mwaka huu ndipo tulipoagizwa tulete majina. Wenzangu wote walileta. Mimi nyumba zangu kumi hazikuwa na mgeni hata mmoja. Nikirudi mikono mitupu ningeambiwa nawaficha."

Watu wakanong'ona. Nilimtazama mzee yule, na hasira yangu yote iliyokuwa imeelekea upande mmoja ikayumba. Ni yeye basi. Si kwa chuki, wala kwa kutaka chetu. Aliagizwa kitu, hakuwa nacho, akaokota kilichokuwa kinachezewa barabarani. Lakini bado nilikuwa namwona Bi Kijakazi na buibui lake. Mudathiri alikuwa na maneno tu. Yeye alikuwa na kweli yenyewe, na sasa alikuwa anaitwa kuisema.

Alishika Msahafu, akaapa. Mwendesha mashtaka alisimama karibu naye kama mtu anayesubiri kupokea mzigo.

"Mama, siku ya maziko ulisema mshtakiwa ametoka ng'ambo ya Ruvuma?"

"Nilisema. Na uniite kesho nitasema tena."

Mama aliinamisha kichwa.

"Ulisema kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni mtani wangu, na mumewe alikuwa mtani wangu. Wewe kwenu hamna watani? Mnazikana kimyakimya kama paka?"

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Hakimu akagonga meza. "Jibu maswali tu, mama."

"Utani au si utani," mwendesha mashtaka alisema, "uko chini ya kiapo. Ni kweli au si kweli?"

Nilimtazama yule mwanamke. Mkono wake ulikuwa bado juu ya Msahafu. Hakosi swala, Bi Kijakazi, hata siku ya mavuno. Nikajua hatasema uongo ameshika kile kitabu, na nikajua kwamba mama amekwisha.

"Baba yangu," alisema taratibu, "nataka nikusaidie, lakini nianzie wapi? Siku ile nilisema mengi. Nilisema marehemu alizaliwa na nyani wa Rondo akaangushwa mtini. Nilisema huyu alivushwa na mbuzi. Nilisema binti yao nilimtotoa chini ya kuku wangu, kwa hiyo ni mali yangu. Hukuniuliza ya nyani, hukuniuliza ya kuku, umechagua moja. Kama utampeleka Tekla ng'ambo kwa maneno yangu, basi na marehemu mfukueni mumrudishe porini, na yule binti pale nyuma nipeni nimtie bandani."

Safari hii hata askari wa mlangoni alicheka. Watu wote waligeuka kunitazama, nikatamani benchi linimeze.

"Hujajibu," mwendesha mashtaka alisema.

"Alipozaliwa sikuwepo. Wewe ulikuwepo?"

Ndipo nilipoelewa, pale nilipokaa, wakati watu wanacheka. Miaka yote ile hakuwa anaitoa siri. Alikuwa anaipiga kelele kila mahali, na mbuzi wake na mtumbwi wake, mpaka ikazoeleka masikioni mwa watu. Yeyote ambaye angekuja kuisema kwa kweli angeonekana anarudia utani wa Bi Kijakazi. Ndiyo maana mama alisema nisimguse.

Lakini mwendesha mashtaka hakuwa mjinga. Alimruhusu akae, akatazama karatasi zake, kisha akasema anaomba kumrudisha Mzee Mudathiri kwa swali moja tu.

"Mzee, kwenu mtani akikutukana unaruhusiwa kununa?"

"Haruhusiwi mtu, mheshimiwa. Ukinuna, hapo pana ugomvi, hakuna utani tena."

"Siku mama huyu alipokamatwa, shahidi Kijakazi alikwenda nyumbani kwao na chakula. Ikawaje?"

Mzee Mudathiri alinitafuta kwa macho, akanipata. Nadhani alinionea huruma. Lakini alisema.

"Binti alimfungia mlango. Na komeo akatia. Tulikuwepo."

Mwendesha mashtaka alimgeukia hakimu. "Mheshimiwa, familia yenyewe haikuyachukua maneno yale kama utani. Iliyachukua kama siri iliyofichuliwa. Naomba huyo binti aitwe."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka Biblia ilikuwa na jalada jekundu lililochanika. Nakumbuka mama hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake juu ya mbao.

"Jina?"

Nilisema jina. Hakimu akaniambia niseme kwa sauti. Nikasema tena.

"Mama yako alizaliwa wapi?" aliuliza mwendesha mashtaka.

Niliona wavu wa mahabusu. Niliona ule mto ambao mimi na mama hatujauona. "Mimi nimemkuta tu, mzee," nilisema.

Mtu mmoja akacheka, na hakimu akatabasamu akiandika. Mwendesha mashtaka hakutabasamu.

"Vema. Ulimfungia mlango shahidi Kijakazi?"

"Ndiyo."

"Alikuletea chakula, ukakikataa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: kwa sababu nilidhani amemuuza mama. Na mtu hauzwi kwa utani, huuzwa kwa kweli. Nikilisema tu hilo, wangempandisha mama gari la Mtwara. Nikinyamaza, kimya changu kingelisema. Nilihisi ncha ya khanga iko vidoleni mwangu, nimekwisha kuivuta.

Nikamtazama Bi Kijakazi. Alikuwa ameegemea benchi la mbele, mdomo wazi kidogo, hana utani wowote usoni. Sijawahi kumwona na hofu kabla ya siku ile.

"Nilikataa," nilisema, "kwa sababu chakula chake nakijua."

"Unakijua vipi?"

"Akipika wali, kuku wake wenyewe wanahamia kwa jirani." Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka. "Marehemu baba alikuwa mzima wa afya. Bi Kijakazi akamletea uji. Jumatatu akaunywa, Alhamisi tukamzika. Sasa mimi nami nife, samaki watageuzwa na nani?"

Bi Kijakazi akapiga yowe, akasimama, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mnamsikia! Mnamsikia mtoto wa nyani! Kaniita muuaji mbele ya serikali! Mheshimiwa, andika hiyo! Kama mnaandika maneno ya watani, nifungeni kwa mauaji, na mimi nataka nilipwe kuku, tena jogoo!"

"Jogoo wa nini," nilisema, "umlishe naye afe?"

Sijui lilitoka wapi. Mahakama nzima ilikuwa inacheka. Kornelio alijifunika uso kwa faili. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nimemfanyia baba mzaha, baba ambaye kifua chake kilimtesa miezi mingi na ambaye Bi Kijakazi ndiye aliyekuwa anamnywesha ule uji kwa kijiko, na nilikuwa nalia. Nadhani walifikiri nalia kwa kucheka.

Hakimu aligonga meza mpaka pakatulia. Aliandika muda mrefu. Kisha alisoma kwa Kiswahili, polepole. Alisema ni kweli sheria inamtaka mshtakiwa athibitishe uraia wake. Lakini kabla ya kufika hapo, upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha sababu ya maana ya kumshuku. Sababu iliyoletwa mbele yake ni nembo, ambazo ziko pande zote mbili za mto, na maneno ya watani, ambayo kama yangepokelewa yangemlazimu pia kumfunga shahidi kwa mauaji. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Aachiwe.

Kwa hiyo mama hakuitwa kuapa. Hakuulizwa neno hata moja siku ile.

*

Nje, Bi Kijakazi alimkumbatia mama bila kusema kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Bertha alileta vitumbua. Tulikuwa tunaulizia lori la kwenda upande wa Kiswere Kornelio alipotujia, faili kwapani.

"Shahidi wangu natakiwa kumrudisha," alisema. "Nafasi ipo. Pandeni wote."

Nilimtazama mama nikitikisa kichwa kidogo. Lakini mama alikwisha kushika mlango. "Tupande," alininong'oneza. "Tukikataa atajiuliza kwa nini."

Bi Kijakazi alikaa mbele, sisi nyuma. Kornelio aliendesha vizuri, akitukwepesha mashimo. Tulipoupita mji alizungumza bila kugeuka.

"Mama, usinichukie. Ni kazi."

"Sikuchukii, baba."

"Hakimu amesema huna kesi ya kujibu. Hakusema kwamba wewe ni raia. Unaona tofauti? Akipatikana shahidi mwingine, jalada linafunguliwa upya. Nakwambia ili ujue."

"Nimejua, baba. Ahsante."

Msitu ulikuwa pande zote mbili, na vumbi likaingia. Baadaye akaanza tena, kwa sauti nyingine, ya mtu aliyemaliza kazi.

"Marehemu mama yangu naye alikuwa mtu wa mkonge, Tanga huko. Jioni walikuwa wanaimba, kila kabila na nyimbo zake. Alikuwa anatuimbia mpaka tunalala. Nyinyi Wamakonde wa mkonge wa huku mlikuwa mkiimbiwa nini na mama zenu?"

Lilikuwa swali zuri. Niliuona uso wa mama ukilainika. Amekaa mahabusu wiki kwa wiki hajaulizwa kitu kizuri, na nyimbo anazipenda. Anazo za bibi, ninazijua, zina majina ya vijiji ambavyo haviko upande huu. Nikamwona anavuta pumzi, midomo inafunguka.

"Bi Kijakazi!" nilisema kwa nguvu. "Mwimbie ofisa. Ule wa arusi ya mwana wa Mzee Mudathiri. Au meno yaliyobaki hayatoshi kuushika?"

Bi Kijakazi aligeuka akanitazama, akamtazama mama. Hakuhitaji kuelezwa. "Meno yangu yanatosha kukutafuna wewe," alisema, akaanza kuimba wimbo wa aibu kabisa, kwa sauti mbaya, akipiga dashibodi ya gari kama ngoma. Mama akafumba mdomo.

Kornelio alicheka. Alicheka hasa, mabega yakatikisika. Lakini kwenye kioo kidogo kilichokuwa juu yake niliyaona macho yake. Hayakuwa yanamtazama anayeimba. Yalikuwa yametulia juu ya uso wa mama, yanangoja.

Nikaanza kupiga makofi, nikaitikia.